Beti Tatu Zinazofanana

Siku Bwana Rula alipoambiwa kwamba atapewa nafasi ya kupiga na bendi ya mkewe, mara moja tu tena kwa majaribio, alikuwa ameshika sinia la chai na hakujua aliweke wapi. Meza ya kukatia vitambaa ilikuwa imejaa. Besi kubwa la shemeji yake lilikuwa limelazwa juu yake kama mgonjwa anayesubiri kupasuliwa, na kiti pekee kisicho na mtu kilikuwa kimekaliwa na mikasi, chaki na kopo la pini.

"Umesikia, Baba Pacha?" mkewe alimuuliza. "Au masikio umeyaacha jikoni?"

"Nimesikia."

"Mbona hujibu?"

"Nimeshika sinia."

Watu wakacheka. Yeye naye akacheka, ingawa hakuona kichekesho kilikuwa kipi. Ndivyo mambo yalivyokuwa kila bendi ilipofanya mazoezi nyumbani kwake: wenzake wanacheka, yeye anacheka baadaye kidogo, kama mtu anayetafsiriwa habari.

Alikuwa mtu wa namna gani? Maisha yake yote ya kazi alikuwa mchoraji katika idara ya maji. Aliyachora mabomba yote yaliyofukiwa chini ya mji, na mpaka anastaafu hapakuwa na fundi aliyethubutu kuchimba mahali bila kumuuliza kwanza. Jina la Rula alipewa na wenzake ofisini, kwa kuwa hata kadi ya harusi hakuweza kuisaini bila kwanza kuipiga mstari. Baada ya kazi alipuliza klarineti katika bendi ya matarumbeta ya mji, ile iliyoalikwa kwenye ufunguzi wa majengo na mazishi ya wakubwa. Alikuwa mpigaji mzuri, na hilo hakuna aliyelikana. Kilichoandikwa alikipiga, kisichoandikwa hakukipiga, na karatasi ilipoisha naye aliishia hapo hapo. Nadharia ya muziki aliisoma darasa la jioni, akafaulu, na cheti chake kikatundikwa sebuleni juu kidogo ya picha za watoto.

Watoto wenyewe, wale mapacha, walishakua wakahamia mbali. Bendi ya mji nayo ilivunjwa. Akabaki yeye, klarineti yake juu ya kabati, na mke ambaye siku hizo alikuwa na shughuli kuliko wakati wowote wa maisha yake.

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele kilikuwa karakana yake, na wateja wakishaondoka kiligeuka chumba cha mazoezi. Kwenye piano alikaa Daktari, ambaye kazi yake ilikuwa kung'oa watu meno. Piano yenyewe, kuukuu na yenye vibonyezo vya njano, aliihamishia pale baada ya mkewe kumwambia achague moja, hiyo piano au yeye. Besi lilikuwa la mdogo wake Mama Pacha, mwoka mikate, ambaye Bwana Rula alimwita Shemeji na kwa sababu hiyo bendi nzima ikamwita Shemeji. Dramu zilipigwa na mchomeleaji wa mageti ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akitoa sentensi mbili mfululizo. Huyo walimwita Kimya. Mwimbaji alikuwa Mama Pacha.

Kila Jumapili alasiri walipiga jazi katika ukumbi wa hoteli moja pale mjini. Mpigaji wao wa saksafoni alikuwa amehama nchi kumfuata binti yake, na kiti chake kikabaki wazi.

Bwana Rula alikitamani kiti kile kwa namna ambayo hakumwambia mtu. Makofi hayakumshughulisha. Kilichomshughulisha ni kwamba kila Jumapili mkewe alirudi akivua viatu mlangoni huku anacheka peke yake.

"Kuna nini?" alikuwa akimuuliza.

"Aa, Daktari leo, pale kwenye daraja la wimbo... We acha tu, hutaelewa."

Hutaelewa. Neno hilo lilikuwa likimla polepole. Alijiona amekuwa mpangaji katika nyumba yake mwenyewe, mpangaji mzuri asiye na makelele, anayesalimiwa vizuri na kuulizwa kama maji yanatoka.

Kikwazo kilikuwa Mama Pacha mwenyewe, naye alikuwa na sababu. Wiki chache nyuma, Bwana Rula akiwa amesimama mlangoni na vikombe, alimkatiza katikati ya wimbo. Ulikuwa wimbo wao mkubwa, jazi ya zamani kuhusu mtu aliyeandaa nyumba kwa ajili ya mgeni asiyefika. Ulikuwa katika maina, ule upande wa muziki wenye kivuli, usio kama meja yenye mwanga wake.

"Samahani, Mama Pacha. Hiyo noti kabla hujatua kwenye noti ya nyumbani, umeiimba chini. Piano hapo imeinyanyua."

Muziki ukakatika.

"Ukipanda ngazi ya maina," aliendelea kwa upole wa mwalimu, "noti ya sita na ya saba unazinyanyua. Ukishuka, unazirudisha chini. Ndiyo kanuni. Sasa wewe unaimba ile ya chini wakati Daktari anapiga ile ya juu. Zinagombana." Akaweka vikombe, akaenda kwenye piano, akabonyeza kwa pamoja noti mbili zilizo jirani. Na kweli ziligombana. Kopo la pini lilitetemeka mezani.

"Zinagombana, ndiyo," alisema Daktari. "Hapo ndipo hoteli nzima huacha kutafuna."

"Lakini ni kosa."

"Inawezekana."

"Inawezekanaje liwe kosa na watu waache kutafuna?"

"Mzee Rula, mimi ni daktari wa meno. Habari za kutafuna nazifahamu. Hizo nyingine sizijui."

Mama Pacha aliinua uzi ulioanguka sakafuni, akauviringa kwenye kidole, akauviringua, akauviringa tena. Kwa siku kadhaa baada ya hapo chakula kilikuja mezani bila maneno.

Kwa hiyo alipompa ile Jumapili moja, aliitoa na sharti lake, hapo hapo mbele ya sinia.

"Sikiliza, Baba Pacha. Wewe ni mume wangu na klarineti unaijua. Lakini mimi siwezi kuimba huku mtu ananisahihisha mgongoni. Hata usiponena, nitakusikia unavyonisahihisha. Basi tutapiga pamoja mara moja. Nikiweza kuimba wewe ukiwa nyuma yangu, kiti ni chako. Nikishindwa, tusiongee tena habari hiyo, na usininunie."

"Na nani ataamua kama umeweza?"

"Mimi."

"Kwa kipimo gani?"

"Unaona sasa!" Mama Pacha aliwageukia wenzake. "Mnaona ninachoishi nacho?"

*

Mazoezi yalianza siku ya pili yake. Aliambiwa kwamba mkewe ataimba wimbo mzima mara moja, halafu yeye atapiga solo, yaani atabuni ya kwake juu ya wimbo ule ule, na mwishoni mkewe ataingia tena.

"Nibuni nini?"

"Chochote," alisema Shemeji, akikaza nyuzi za besi lake.

"Chochote si kitu, shemeji yangu. Nitajie kimoja."

"Panda, shuka, zunguka. Ongea."

Bwana Rula akajaribu. Alipanda ngazi ya maina akinyanyua ya sita na ya saba kama alivyofundishwa, akashuka akizirudisha chini, akapanda tena. Vidole vilikwenda bila kasoro. Lakini kila aliposhuka uso wa Daktari ulikunjamana kama wa mtu anayeng'olewa jino yeye mwenyewe.

"Ngazi zako safi kabisa, Mzee Rula. Ila umeziegemeza kwenye nyumba ya jirani. Usinyanyue kwa kuwa unapanda. Nyanyua kwa kuwa mimi hapa chini nimenyanyua."

"Na ukiwa hujanyanyua?"

"Basi usinyanyue."

"Hata kama ninapanda?"

"Hata kama unaruka ukuta."

"Lakini Mama Pacha yeye hanyanyui wakati umenyanyua, na hapo unasema watu wanaacha kutafuna."

Daktari alikuna kidevu. "Hiyo ni kweli pia."

"Sasa nifuate lipi?"

"Zote. Ngazi za maina ziko tatu, isiyonyanyua, inayonyanyua moja na inayonyanyua mbili, nasi tunazitumia zote kwa pamoja."

"Kwa kanuni ipi?"

"Kwa sikio."

"Sikio la nani?"

Kimya alitoa pigo moja dogo kwenye sahani ya shaba, na hilo likawa jibu pekee alilopata.

Mtu mwingine angekata tamaa. Bwana Rula akaenda chumbani, akafungua meza yake ya kuchorea, akauchora wimbo. Alichora kama alivyozoea kuchora mabomba: hapa panaingia, hapa pana koki, hapa pana kona. Ulikuwa na sehemu nne. Ubeti wenye huzuni yake. Ubeti ule ule tena. Halafu daraja, ambapo wimbo unatoka kwenye maina na kuingia kwenye meja, kama mtu aliyefungua dirisha katika chumba cha mgonjwa. Halafu ubeti mara ya mwisho, dirisha limefungwa. Ubeti, ubeti, daraja, ubeti. Alipomaliza aliutazama mchoro akaridhika kwa mara ya kwanza tangu mambo yale yaanze. Ulikuwa mstari mmoja ulionyooka, una mwanzo na una mwisho.

Na hapo ndipo kosa lake lilipokuwa. Lilikuwa kosa ambalo mpigaji wa jazi aliyezoea jazi asingelifanya hata akiwa usingizini. Katika bendi ya mji, wimbo uliisha karatasi ilipoisha. Katika solo wimbo hauishi, unarudi mwanzo na kuzunguka. Na ukizunguka, ule ubeti wa mwisho unakutana na beti mbili za mwanzo, na papo hapo kuna beti tatu zinazofanana mfululizo, hazina alama wala kibao cha kukuambia upo kwenye ipi. Ungeweza kumlaumu mtu aliyechora mabomba maisha yake yote? Bomba halijimwagi ndani yake lenyewe.

"Karatasi haipandi jukwaani," mkewe alimwambia alipouona mchoro.

"Nimeshaukariri."

"Hilo ndilo ninaloliogopa," alisema Mama Pacha, akaendelea kupiga pasi shati lake.

*

Jumapili ukumbi ulikuwa na watu wa kawaida wa Jumapili: familia zilizomaliza kula na hazina haraka, mzee mmoja mwenye gazeti, bibi mmoja aliyekuwa akimlisha mjukuu keki kwa kijiko huku akimtisha kwamba mpiga ngoma atamchukua. Jukwaa lilikuwa hatua moja tu kutoka sakafuni. Bwana Rula alisimama kati ya piano na besi, nyuma kidogo ya bega la mkewe. Kwa mara ya kwanza aliiona shingo yake kutoka upande ule, na kipini alichobania nywele, na akagundua kwamba hajawahi kumwona kwa nyuma akiimba. Alimwona mtu mwingine kabisa.

"Midomo imekauka," alimnong'oneza Shemeji.

"Ilambe."

"Ulimi pia umekauka."

"Basi Mungu akusaidie."

Mama Pacha akaimba. Alipofika kwenye ile noti yake kabla ya kutua nyumbani, akaiimba chini vile vile, huku piano imeinyanyua, nayo ikamkwaruza Bwana Rula kwenye fizi kama alivyoizoea. Hakujikuna wala hakukohoa. Alitazama sakafu, akahesabu misumari ya jukwaa. Mzee wa gazeti aliacha kufungua ukurasa.

Kisha mkewe akasogea pembeni, na zamu ikawa yake.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda. Tusimsifu kupita kiasi, ulikwenda tu. Alipanda, akashuka, akasikiliza piano na kujaribu kunyanyua iliponyanyua, akachelewa mara mbili tatu kama anavyochelewa mtu anayemfuata mwenzake kuitikia salamu. Daraja lilipofika alilijua kwa mwanga wake, akapuliza meja kwa furaha ya mtu aliyeiona nyumba anayoifahamu. Dirisha likafungwa. Ubeti. Na mchoro wake ukaishia hapo, lakini wenzake hawakuishia hapo.

Ubeti tena. Akapiga. Alipoumaliza akajiuliza: je, ule ulikuwa ubeti wa mwisho wa mzunguko uliopita, wa kwanza wa huu mpya, au wa pili? Kama ulikuwa wa kwanza, unafuata mmoja zaidi. Kama ulikuwa wa pili, linafuata daraja. Lakini ule wa mwisho aliupiga, au alikuwa bado anafurahia daraja? Alimtazama Kimya. Kimya alimtazama kwa macho ya ng'ombe aliyeshiba. Muziki hausubiri mtu afikiri, na Bwana Rula akaona heri kosa la haraka kuliko ukweli wa kuchelewa. Akaingia darajani.

Aliingia mapema kwa ubeti mzima. Yeye alikuwa juani, wenzake kivulini.

Sasa katika bendi ile palikuwa na desturi, nayo ndiyo iliyoleta balaa: mtu akipotea, haachwi. Aliye karibu anamfuata alipo, ili wageni wasitambue. Daktari alisikia klarineti imeingia darajani, akasema moyoni, mzee kapotea, twende tukamchukue. Akahamisha mikono yote miwili, akaingia darajani naye. Lakini wakati huo huo Bwana Rula alikuwa amelisikia besi likiguna chini kwa huzuni yake, akaelewa kwamba amekosea, na kwa adabu aliyofunzwa maisha yake yote akarudi kwenye ubeti. Daktari akabaki darajani peke yake. Shemeji, ambaye katika miaka yote hakuwahi kumwona Daktari amepotea, akasikia piano ipo darajani na kudhani kwamba aliyepotea ni yeye mwoka mikate. Akaruka. Daktari naye akawa ameshageuka kurudi kwa Bwana Rula. Bwana Rula akalisikia besi darajani, akasema basi kumbe nilikuwa sahihi tangu mwanzo, akaenda huko mbio.

Uliwahi kukutana na mtu kwenye korido nyembamba, ukampisha kulia naye akapisha huko huko, mkahamia kushoto wote wawili? Basi fanya wawe watu watatu, na kila mmoja ni mstaarabu. Klarineti ilipiga jua, piano ikapiga kivuli. Piano ikapiga jua, besi likapiga kivuli. Hakuna aliyekaa mahali hata pumzi moja. Kimya peke yake aliendelea na dramu zake kama mvua inavyonyesha bila kuuliza nani ana mwavuli.

Mama Pacha alikuwa amesimama na kipaza sauti. Mpango ulikuwa aingie kwenye daraja la mzunguko ule. Akasikia daraja upande wa kushoto, akafungua kinywa, likazima, akakifunga. Akalisikia nyuma, akavuta pumzi, likakimbia. Mwishowe akageuka. Katika ndoa yao yote Bwana Rula alikuwa ameangaliwa na mkewe kwa macho ya kila aina, ya mapenzi, ya lawama, ya "mtoto ana homa", lakini haya hakuwahi kuyaona. Macho yalikuwa yanamuuliza: Tuko wapi?

Na yeye, mtu aliyejua kila bomba chini ya mji ule, akiwa na klarineti mdomoni mbele ya umati wa watu, akapandisha mabega juu. Hakujua.

Vidole vilikuwa vimeganda kwenye noti moja, akaogopa kuviondoa. Akaishikilia. Hakuichagua. Ilikuwa noti ambayo mikono yake ilikutwa imeishika, kama mtu anayekutwa na taa kuzimika akiwa ameshika kitasa cha mlango. Akaipuliza bila kuiacha, akisubiri mtu mwingine afanye jambo. Daktari akapiga kivuli chini ya noti ile, ikakaa vizuri. Akapiga jua, ikakaa vizuri pia. Shemeji akashuka, akashuka, akashuka, noti ikamvumilia. Pumzi ya Bwana Rula ilikuwa inakwisha, mishipa ya shingo imemtoka, na moyoni alikuwa anasema, jamani, ingieni mtu.

Mama Pacha akaingia. Aliingia na maneno ya daraja, maneno ya mwanga, yale ya ndoto ya mlango kubishwa na mgeni kufika. Ila chini yake Daktari na Shemeji walikuwa wamekutana, hatimaye, kwenye ubeti. Kwa hiyo aliimba furaha yote ile juu ya huzuni yote ile, polepole, kila neno limekaa mahali ambapo halikukusudiwa kukaa. Hakuna aliyemfuata tena kumchukua. Walipofika mwisho walifika pamoja, kwa namna ambayo hakuna kati yao aliyeweza kuieleza, na Kimya akafunga kwa pigo moja.

Makofi yakaja. Bwana Rula aliyasikia kwa mbali, kama makofi ya ukumbi wa jirani. Walimaliza nyimbo zilizobaki bila yeye, amekaa kwenye kiti nyuma ya piano na klarineti magotini.

*

Chumba walichopewa kubadilishia nguo kilikuwa stoo ya viti. Waliingia humo wakapenya kati ya viti vilivyopangwa hadi dari. Kisha wakaanza wote kwa pamoja.

"Mimi ndiye niliyepotea," alisema Daktari.

"Ulipotea vipi wakati nilikuwa nakufuata wewe?" alisema Shemeji.

"Kwa nini unifuate mimi? Mimi nilikuwa namfuata Mzee Rula!"

"Mimi niliwafuata nyie," alisema Bwana Rula. "Kila nilipokuja hamkuwepo."

"Ulikuja wapi?"

"Darajani."

"Lini?"

"Mara ya pili. Au ya tatu. Mlikuwa mmetoka."

"Kimya," Daktari aligeuka, "wewe ulikuwa wapi?"

Kimya alikuwa anafunga mkanda wa mfuko wa dramu. Akafikiri. "Mimi nilikuwa napiga tu," alisema, nayo ikawa hotuba ndefu kwake.

Mama Pacha alikuwa amekaa kwenye kiti kimoja kilichoshushwa, anachomoa vipini vya nywele kimoja kimoja. Bwana Rula akaanza kuifungua klarineti vipande vipande, anaikausha kila kipande kwa kitambaa, hana haraka, maana alijua akimaliza itabidi amtazame.

"Basi," alisema, macho kwenye kitambaa, "umesema wewe ndiye utakayeamua. Mimi sitanuna."

Mlango ukafunguliwa. Aliyeingia alikuwa meneja wa ukumbi, mwanamke kijana mwenye viatu virefu na simu mkononi, mtu ambaye kwa kawaida alionekana tu kiyoyozi kilipoharibika.

"Mama, samahani. Ule wimbo wa mgeni. Pale katikati mnapofukuzana, mmoja huku, mwingine kule, halafu yule mzee anashika sauti moja mpaka mtu unakosa hewa, ndipo unaingia wewe... Mmefanya mazoezi muda gani?"

Wakatazamana.

"Muda kiasi," alisema Daktari.

"Jumapili ijayo nina wageni wa heshima. Nataka vile vile. Msibadilishe kitu, tafadhali. Vile vile kabisa." Akafunga mlango, visigino vikaenda vikigonga koridoni.

Shemeji ndiye aliyeanza kucheka, akafuata Daktari, akajishika kiuno. Bwana Rula hakucheka. Alikuwa ameshachukua kikaratasi cha menyu kilichokuwa juu ya kiti, amekigeuza nyuma, na kalamu ipo tayari.

"Tulieni kwanza. Daktari, ulipoingia darajani mara ya kwanza, ulikuwa umenisikia mimi au umelisikia besi?"

"Wewe. Nadhani."

"Shemeji?"

"Mimi nilimsikia Daktari. Au dada alivuta pumzi, nikadhani anaingia."

"Mama Pacha, ulivuta pumzi?"

"Nilivuta sana."

"Kabla au baada?"

"Ya nini?"

Kalamu ikasimama. Alikuwa amepiga mstari mmoja, na hakujua auelekeze wapi.

"Acha hiyo kalamu, Baba Pacha," alisema mkewe. Alikuwa amemaliza vipini; nywele zilikuwa zimesimama kila upande. "Haichoriki. Jumapili unakuja."

"Nakuja kufanya nini?"

"Kupotea. Si umesikia? Bila wewe kupotea hakuna wimbo."

"Nitapoteaje kwa makusudi? Mtu akijua anapopotelea, hajapotea."

"Hilo mimi sijui. Wewe ndiye uliyesoma."

Alimtazama kujua kama ni utani. Hakuweza kujua. "Hebu niambie jambo moja," alisema. "Umeamua wewe, au ameamua meneja?"

Mama Pacha alifungua kinywa, akakifunga, kama alivyofanya jukwaani. "Nilipokugeukia ukapandisha mabega," alisema, "nilitaka kukurushia kipaza sauti. Wallahi. Nikasema moyoni, miaka yote hii ananiambia kipi ni kipi, leo ninamhitaji, hajui. Halafu kicheko kikaja, nikakibana, nikaingia nacho kooni. Sijui nimeimba kwenye noti gani." Akasimama, akampa mfuko wake wa nguo aushike. "Kwa hiyo usiniulize nani ameamua. Nimechoka, na kichwa kimejaa."

Akatangulia kutoka. Bwana Rula akamfuata kwenye korido, klarineti kwapani, mfuko mkononi, akijaribu kukumbuka ni noti ipi aliyokuwa ameishika muda wote ule, na ajabu ni kwamba hata hiyo hakuikumbuka.

"Mama Pacha," aliita. "Ile noti yangu ndefu. Ilikuwa ya juu, au ya chini?"

"Hutaelewa," alisema mkewe bila kugeuka, na mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Safari hii Bwana Rula akaanza kucheka naye papo hapo, bado hajui wanacheka nini.